Wageni wa Jiji

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo zamu za wodini zimeifanya inung'unike kama wagonjwa. Najua unapenda salamu zijaze ukurasa kwanza, lakini leo nina haraka. Na usiseme kwa nini sikupiga simu. Wewe ndiye uliyesema kwenye simu nakukatiza maneno, na kwamba karatasi haiwezi kukukatiza.

Jiji limekubali. Kamati ya ukaguzi inakuja Alhamisi ya wiki ijayo, kukagua nyumba zenu na depo ya mabasi kwa pamoja. Wamenizungusha hadi nikawa natambua kila karani kwa sauti yake. Diwani wenu, yule aliyekuja kuomba kura amembeba mtoto wa watu begani, hakunijibu hata mara moja. Aliyejibu ni ofisi ya Meya, na ilijibu baada ya kuwaambia kwamba nitakwenda kwa waandishi wa habari. Kilichowaamsha ni woga, Mama, si huruma, lakini woga wao nitautumia hivyohivyo.

Sasa nisikilize. Waonyeshe ufa. Ule unaoanzia chini kwa Cherehani, nyuma ya meza yake ya kushonea, ukapanda hadi chumbani kwako nyuma ya kitanda. Nilipokuja mara ya mwisho niliingiza mkono na kiganja chote kikapotea. Kisha watoe nje, wasimame uwani, watazame juu. Wayaone mabasi ya jiji yalivyoegeshwa mteremkoni juu ya vichwa vyenu, breki za mkono zimechoka, yameshikiliwa na mawe yaliyosukumwa chini ya matairi. Waulize kama wao wangelaza mama zao hapo.

Usimtegemee mdogo wangu aseme. Anaendesha basi lao, analinda ugali wa watoto wake, simlaumu. Wewe huna bosi. Sema wewe.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Hapa sote tu wazima na tunakuombea miguu. Wageni wako wamekuja na wameondoka, na nadhani hukuwahi kunifanyia jambo la heshima kama hili.

Tangu Jumatatu jengo zima lilikuwa mbioni. Ngazi zimesuguliwa, mitaro imezibuliwa, watoto wameonywa. Mimi unanijua, nimefua mashuka ya hoteli maisha yangu yote, siwezi kumpokea mtu kwenye uchafu. Fundi aliyekuja kutengeneza choo alibakiza saruji kidogo, nikaziba nayo ule ufa, kisha nikapaka chokaa, na ilipokauka nikapaka tena. Ukuta ukawa mweupe hadi nikaona haya kuurudishia kitanda changu kibovu.

Nikashuka kwa Cherehani. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, hana nafasi hata ya kujikuna. Nikamwambia wewe shona, mimi napaka. Tukasukuma meza yake, nikapaka nyuma yote, tukairudisha mahali pake. Alicheka akasema sasa wateja wake watadhani amepandisha bei. Unajua maneno ya yule mwanamke. Anasema amenishinda umri kwa mwaka mmoja na akili kwa miaka yote.

Basi wakaja. Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja mwenye viatu vya kisigino kirefu, mpole, akifuatana na kijana wa kamera na bwana mmoja aliyekuwa akiandika. Mwenyekiti akasimama mlangoni akauliza, "Mama, kuna shida yoyote?" Nikamjibu, "Hatuna shida, karibuni mkae, chai iko tayari." Mtu hajakaa, hajalowesha koo, utamrushiaje malalamiko kizingitini? Nilikuwa nimejipanga. Wakishakunywa nianze taratibu, niwaeleze ufa ulivyokuwa, kisha niwashushe uwani wakatazame yale mabasi.

Lakini akaangalia saa yake. Akasema nyumba yangu inang'aa, laiti wapangaji wote wa jiji wangekuwa kama mimi, akapiga picha na mimi mbele ya ukuta. Kwa Cherehani walichungulia tu. Kisha wakapanda depo. Huko nako mdogo wako na wenzake walikuwa wamepiga pasi sare zao, mabasi yameoshwa yanameta, uwanja umefagiliwa hauna hata jiwe. Chai yao ilibaki, tukainywa sisi.

Nadhani wamekwenda na picha nzuri ya sisi ni watu gani.

Mama yako

21 Februari

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido ya wodi, na ilibidi niende kukaa chooni.

Umepaka chokaa.

Nimehangaika na ofisi ile tangu mwaka juzi. Nimetukanwa na makarani, nimeambiwa niende dirisha jingine, nimeambiwa anayehusika yuko likizo, nimeambiwa mimi si mpangaji kwa hiyo yanihusu nini. Nimewaburuta hadi mlangoni kwako. Na wamefika, wamekuuliza kwa mdomo wao kama kuna shida, na wewe ukasema hatuna shida karibuni chai. Ukaufunika ule ufa kwa mkono wako. Ukashuka ukafunika na wa mwenzako.

Wale hawakuwa wageni, Mama. Wale ni watu tunaowalipa. Ile nyumba unayowakaribisha ni nyumba yao, wao ndio wenye nayo, wao ndio walitakiwa kuona haya. Umewafagilia uchafu wao, ukawachemshia na chai juu.

Nimekasirika kiasi kwamba sijui niandike nini kingine. Wiki iliyopita tumempokea hapa kijana aliyebanwa na lori lililorudi nyuma bila dereva. Sitaki kukueleza alivyokuwa. Chukua kisu, ukwangue hiyo chokaa leo.

Mwanao

28 Februari

Mwanangu,

Nimekusoma. Nilisubiri hasira ishuke ndipo nikujibu, na haijashuka, kwa hiyo nakujibu nayo.

Mimi nilikuzaa, si karani wako wa kutumwa onyesha hiki onyesha kile. Unaniambia nilipaswa kuona haya au kutoona haya, wewe uliyelala kwenye mashuka yaliyokunjwa kona kila siku ya utoto wako, katika chumba hichohicho chenye ufa. Unadhani ungekuwa nesi kama ningekuacha ukue kama takataka kwa sababu jiji limetutupa? Usafi ndicho kitu pekee ambacho hawakuweza kunipimia. Maji wanafunga, taa wanakata, ngazi hawatengenezi. Ufagio ni wangu. Mtu akija kwangu anikute mtu, asinikute tatizo. Hilo ndilo nililolifanya na silitubu mbele yako.

Sasa nikwambie lililonikasirisha zaidi ya barua yako. Kamati imebandika majibu yake kwenye mlango wa chini. Nyumba: hali ya kuridhisha. Depo: hali ya kuridhisha, usafi wa kupigiwa mfano. Cherehani alinisomea, akarudia kwa sauti ya kutangaza mpira, watu wote ngazini wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikwenda ofisi za jiji mwenyewe. Nikamwambia yule kijana wa dirishani waje tena, kuna jambo sikulisema. Akaniambia ukaguzi mwingine ni mwakani. Nikamwambia ukuta wangu haujui mambo ya mwakani. Akafungua kompyuta yake akanigeuzia nione picha yangu na Mwenyekiti. "Lakini mama, hapa si unatabasamu?" Nikamwambia natabasamu kwa sababu nimefundishwa na mama yangu, na yeye wa kwake angemfundisha kumpa mtu mzima kiti.

Cherehani ameapa kwamba akimaliza zile sare atafunga kazi siku nzima twende wote, tukalale pale kwenye korido yao hadi watukanyage. Chokaa nimeikwangua upande wangu. Kwake nitakwangua akishasogeza vitambaa vya watu, vumbi litaviharibu.

Usiniandikie tena barua ya namna ile. Au niandikie, lakini anza na shikamoo.

Mama yako

11 Machi

Dada,

Najua redio imeshasema, na najua Mama amekupigia akalia tu simu ikakatika. Mama ni mzima. Naanza na hilo. Alikuwa bombani anachota maji, upande wa mbele. Hana hata mchubuko.

Cherehani amefariki.

Ilikuwa mchana, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mimi nilikuwa nimeleta basi kwa mapumziko, nimeliegesha mahali pangu, nimevuta breki ya mkono hadi mwisho, na hadi mwisho wake si mbali, unajua. Niliweka gia. Nikaenda kuchukua chakula. Sikusikia kishindo, dada. Nilisikia watu. Basi lilishuka polepole, kama mtu anayekwenda kuegemea mlango, abiria hamna ndani, na likaegemea ukuta. Ukuta mzima ungelizuia. Ningepata taa iliyovunjika na barua ya onyo. Huu ulifunguka palepale penye ufa, ukamwangukia mezani kwake.

Sasa kuna jambo ambalo Mama halijui na naomba usimwambie.

Siku moja kabla ya ile kamati, mkuu wa depo alituita akasema mawe yote yatoke chini ya matairi. Alisema yanaonekana vibaya, wageni watadhani mabasi ya jiji hayana breki. Tukayapakia kwenye toroli, tukayamwaga bondeni. Sote. Hakuna aliyebisha, tuliona ni ya siku moja. Mabasi yale yalishinda siku ile kila moja na dereva wake ndani, mguu kwenye breki, tunatabasamu madirishani. Kamati ikasifu. Kesho yake tukataka kurudisha mawe, mkuu akasema hapana, tumesifiwa kwa usafi, sitaki kuona jiwe tena. Kuanzia hapo tukawa tunategemea gia na dua.

Mimi nimesimamishwa kazi tangu jana. Wameniita pembeni, mkuu na bwana mmoja wa ofisi ya Mkurugenzi. Wanasema nikikubali kwamba nilisahau kuvuta breki ya mkono, nitakaa nyumbani kidogo, kisha nitarudi kimyakimya kwenye njia nyingine. Nisipokubali, hakuna jiji litakalonipa basi tena. Mke wangu anasema nikubali. Sijui. Kila nikifumba macho naliona lile basi linaondoka bila mimi.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Nimeomba ruhusa, wamenikatalia, tuko wachache. Kwa hiyo nakuandikia, na nitaandika kama ninavyofikiri.

Nina hasira na wewe. Uliyaondoa mawe kwa mikono yako na ulikuwa unajua Mama analala wapi. Nimeshasema, sitarudia.

Lakini usithubutu kukubali. Breki ya mkono uliivuta. Wanalokutwika si kosa lako, ni kosa lao, wanataka ulibebe uondoke nalo mlangoni ili ofisi ibaki safi. Ukisema ulisahau, basi Cherehani ameuawa na dereva mzembe, kesi imekwisha. Mkuu atakunywa chai. Mwenyekiti wa viatu virefu ataandika "hali ya kuridhisha" kwingine. Na mabasi yataendelea kukaa palepale juu, yakisubiri mvua nyingine. Umetolewa kafara na bado wanakutaka ushike kisu mwenyewe.

Na Mama mwambie wewe. Usiku wala mchana asije akalisikia hilo la mawe kutoka kwa mtu wa mtaani. Unamwogopa, najua, hata mimi namwogopa. Mwambie hivyohivyo ukimwogopa.

Kuhusu mkeo: mwambie nitakuwa nawatumia chochote nitakachoweza hadi upate kazi. Si pesa nyingi. Ila watoto hawatakosa shule kwa sababu baba yao alisema ukweli.

Dada yako

26 Machi

Mwanangu,

Tumemzika. Watu walikuwa wengi hata watoto wa ile shule walikuja, wamevaa sare alizowashonea. Diwani alituma shada la maua lenye jina lake kubwa kuliko maua. Wanawake wa jengo walilichukua wakaliweka nje ya geti, kando ya pipa.

Ndugu yako ameniambia. Alikuja akakaa kwenye kochi kama alivyokuwa akikaa akivunja sahani. Nilimpiga kofi. Ana ndevu na watoto, nikampiga, kisha nikamshika kichwa nikalia naye. Nikamwambia na mimi nina langu. Wewe ulitoa mawe, mimi nilipaka chokaa. Tumefanya kazi moja bila kujua, kila mmoja upande wake wa ukuta, na hakuna aliyetulipa.

Maneno yako ya ile barua sasa nayaelewa. Sijayapenda, lakini nayaelewa. Siku aliyokufa, ukuta wake ulikuwa bado mweupe. Nilikuwa sijakwangua. Nilikuwa nasubiri amalize vitambaa vya watu. Vipande walivyomtolea chini yake vilikuwa na chokaa yangu upande mmoja, nilivitambua. Mtu asiniambie si kosa langu. Wote wanakuja kuniambia, naona wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni langu. Ila si langu peke yangu, na hapo ndipo hasira yangu ilipokaa.

Maana jiji limetangaza. Limesema wapangaji "kwa makusudi" walificha ufa usionekane na wakaguzi, na dereva "anachunguzwa". Umeona? Wamepata mzee mmoja na kijana mmoja, na wote ni wa nyumba moja. Mkurugenzi hakujua. Meya hakujua. Barua zako zote za miaka miwili hazikumfikia mtu, zilifikia hewa.

Tume itakaa Jumanne ya tarehe saba, ukumbi wa jiji, wananchi wanaruhusiwa. Nitakwenda. Kanga aliyonishonea Cherehani pindo nitaivaa, na sitachemsha chai ya mtu.

Mama yako

8 Aprili

Dada,

Nakuandikia kabla sijasahau maneno yenyewe, kwa sababu Mama hatakueleza vizuri. Atasema tu alizungumza.

Ukumbi ulijaa hadi nje. Mbele walikaa watu wa tume, pembeni Mkurugenzi, mkuu wetu wa depo, na yule Mwenyekiti wa kamati, leo amevaa viatu vya chini. Wakili wa jiji alianza kwa picha. Akaionyesha ukutani, kubwa, Mama anatabasamu mbele ya ukuta mweupe. Akasema wakaguzi hawakuwa na namna ya kuona kilichofichwa. Akamwita Mama. Akamuuliza, "Ni kweli kwamba nyinyi wapangaji mlificha ufa?"

Mama akasema, "Si wapangaji. Mimi. Niliziba wangu, nikashuka nikapaka na kwa marehemu. Aliyekufa amekufa chini ya chokaa yangu. Hilo la kwangu nimelisema, liandike. La kwako ni lipi?"

Wakili akasema yeye ndiye anayeuliza maswali. Mama akasema, "Basi uliza. Uliza mimi nilificha kwa muda gani. Nilificha wiki chache, kwa sababu niliambiwa nina wageni. Kabla ya hapo ufa ulikuwa wazi miaka yote. Mwanangu aliwaandikia. Mabasi yapo juu, kila mtu anayapita. Mimi nilificha kwa adabu. Nyinyi mlificha kwa nini?"

Mzee wa tume akamwomba akae. Mama akasema hajachoka. Dada, sijawahi kumwona mama yetu akikataa kiti anachopewa na mtu mzima. Akamgeukia Mwenyekiti wa kamati. Akamwambia taratibu, "Mwanangu, uliniuliza kama kuna shida ukiwa bado mlangoni. Hukutaka kujua. Anayetaka kujua huingia ndani." Yule mama akainama. Nadhani alikuwa analia, au alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Halafu nikaitwa mimi. Mkuu wa depo alikuwa ananitazama anatikisa kichwa kidogo, hivi, kama kunikumbusha. Nikasema nilivuta breki. Nikasema kuhusu mawe, na nani aliamuru, na tuliyamwaga wapi. Mkuu akasimama akasema huyu ni mfanyakazi mwenye kinyongo, hakuna dereva mwingine anayeweza kuthibitisha. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Wako safu nzima, wamevaa sare. Kila mmoja anatazama kofia yake. Yule tuliyekula naye, tuliyesukuma naye toroli lile bega kwa bega, anatazama kofia. Nilitaka kuwatukana.

Aliyesimama ni Mzee Gia, yule aliyenifundisha kazi, amebakiza miezi michache astaafu. Akasema, "Mawe yalikuwepo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeyapaka rangi nyeupe ili tuyaone gizani. Nendeni bondeni, yako huko, hayajaoza." Akakaa. Huyo mmoja tu.

Tume imesema imepokea maelezo. Mkuu amepewa likizo yenye mshahara. Mimi sina kazi, lakini jana nililala.

Mdogo wako

19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko. Mimi nipo, kifua kinabana kidogo kwa vumbi la mafundi, maana sasa wapo mafundi. Wamekuja na magari, wanajenga ukuta mpya nyuma, wa zege. Meya mwenyewe alikuja na kofia ya plastiki, akashika koleo, akapigwa picha. Alitaka nisimame naye. Nikamwambia picha na watu wa jiji nimeshapiga moja, inatosha.

Na mabasi wameyaondoa. Asubuhi yote yalikuwa yanateremka moja moja, watu madirishani wakipiga makofi na vigelegele. Ndugu yako hakupiga makofi. Alichukua baiskeli akayafuata. Aliporudi aliniambia yote.

Wameyapeleka upande wa pili wa jiji, kwenye ule uwanja wa juu nyuma ya nyumba za wafagiaji barabara. Nyumba za jiji vilevile, mteremko vilevile. Mabasi ni yaleyale, breki hazijaguswa, na mawe hayaruhusiwi bado, maana hakuna aliyeandika kwamba yanaruhusiwa. Hawakutuokoa, mwanangu. Wametuhamishia mauti kwa watu ambao bado hawajajifunza kupiga kelele. Na walidhani tutashukuru.

Nilikasirika hadi nikashindwa kukunja shuka. Majirani wengine wananiambia, sasa mama, sisi si tumepona, tuwaachie wenyewe na lao. Nimewajibu vibaya na sitawaomba radhi.

Jana nilikwenda huko. Nilibisha mlango wa kwanza unaotazamana na mteremko. Alifungua msichana ana mtoto mchanga, kitanda cha mtoto kimewekwa ukutani, upande wa mabasi, kwa sababu ndiko kusikokuwa na upepo. Alinipa kiti. Akaniomba radhi chumba hakijafagiliwa. Nilikaa nikikitazama kile kitanda cha mtoto, akadhani naumwa, akaniletea maji. Kisha nikamweleza yote, jina la Cherehani, na sare, na meza yake ilikuwa wapi. Tulikisogeza kitanda cha mtoto pamoja. Chumba ni kidogo, hakuna mahali pengine pa kukiweka, tumekiweka mlangoni na mlango sasa haufunguki vizuri.

Kamati inakwenda kwao Alhamisi. Ileile, na mwenyekiti mwingine. Nimemwambia nitakuja alfajiri nikae naye, na nimebisha milango ya safu nzima nikawaambia hivyohivyo. Wengine wamenifungulia, wengine wamenitazama kama mwendawazimu. Ndugu yako anakuja na Mzee Gia, watasimama uwanjani chini ya mabasi, mtu mmoja kwa kila tairi watakaloweza, mahali pa mawe.

Umeandika umepata ruhusa hatimaye. Usije nyumbani, nyumbani hakuna mtu. Njoo huko, nyumba ya kwanza chini ya mteremko. Wakiniuliza mimi ni nani pale, nitawaambia mimi ni jirani yake Cherehani.

Mama yako